"Siri" katika Fomu za Ridhaa

Fomu wanazosomewa watu wanaoombwa kushiriki katika utafiti, hasa ule wa afya, aghalabu hukariri sentensi moja: "Taarifa zako zitakuwa siri." Twaona sentensi hii haifai. Siri ni jambo lisilotoka kwa aliyeambiwa. Lakini taarifa za mshiriki husomwa na watafiti kadha wa kadha, waingizaji wa takwimu, wakaguzi wa maadili, na pengine mfadhili aliye ng'ambo. Aliyeahidiwa siri akiyagundua hayo atasema, na kwa haki, kwamba amedanganywa. Isitoshe, neno lenyewe laweza kumfanya adhani kuwa ni yeye anayeagizwa kunyamaza.

Faragha ni istilahi nzuri, na Katiba ya Tanzania ya 1977 inaitumia katika Ibara ya 16. Hata hivyo, yataja haki ya mtu. Haielezi jinsi karatasi zake zinavyotunzwa. Sheria ya mwaka 2022 imechagua "ulinzi wa taarifa binafsi", na wafasiri wangeifuata bila hasara.

Twakuta pia: "Taarifa zitaharibiwa baada ya utafiti." Saa iliyoharibika bado ipo mkononi! Karatasi huteketezwa, yaliyomo katika kompyuta hufutwa.

Lililo baya zaidi ni kauli ya kutendwa. "Zitahifadhiwa": na nani, wapi, hadi lini? Kiswahili hakimlazimishi mwandishi kumtaja mtenda baada ya kitenzi cha namna hii, na hapo ndipo waandishi wa fomu hujificha. Tungependelea, mathalan: "Mtafiti mkuu ataifungia kabatini orodha ya majina. Wengine wataona namba yako tu. Orodha itateketezwa baada ya miaka mitano." Watakaolalamika kuwa fomu inarefuka hawatakosekana. Na irefuke.

Limebaki neno "hutajulikana", ambalo wafasiri hulipenda kwa ufupi wake. Ahadi hiyo imepita kiasi. Kuondoa jina si kumficha mtu: katika kijiji chenye mkunga mmoja, ripoti ikiandika "mkunga, miaka 52", imekwisha mtaja. Heri fomu iseme wazi kwamba jina halitaandikwa katika ripoti, lakini wanaomfahamu mshiriki wanaweza kumtambua kwa kazi yake, umri wake au mahali anapokaa, kisha aulizwe iwapo bado anaridhia.