Diwani na Muhtasari: Lugha ya Baraza katika Miji Midogo ya Mbeya na Iringa

Neno diwani lina makao mawili katika Kiswahili. Katika makao ya kwanza ni kitabu, mkusanyo wa mashairi ya mtunzi mmoja, kama ile Diwani ya Mnyampala iliyotolewa mwaka 1963. Katika makao ya pili ni mtu: mjumbe wa halmashauri aliyechaguliwa na watu wa kata yake, na kabla yake, katika miji ya Mrima, mkubwa aliyeketi barazani na kukata mashauri. Waliochunguza asili ya neno hili hulirejesha katika Kiajemi, ambako lilikuwa jina la daftari la serikali, kisha likawa jina la baraza lenye daftari hilo, na jina la mkusanyo wa mashairi pia. Basi mshairi na mjumbe wa baraza wametoka katika daftari moja. Mathias Mnyampala mwenyewe hakuona ajabu yoyote katika jambo hili, kwani alipata kuwa karani na hakimu, na mkono ulioandika mashairi ndio ulioandika mashauri.

Wanafunzi wa fasihi wameyazuru makao ya kwanza kwa bidii kubwa. Ya pili wamewaachia wanasheria na wachumi. Hata riwaya zilizokiingia kijiji cha ujamaa, kama Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi (1979) na Njozi Iliyopotea ya Claude Mung'ong'o (1980), zimesomwa kwa ajili ya wahusika na itikadi zao, wala si kwa ajili ya kuuliza kijiji chenyewe huandika nini kinapojiandika. Nacho huandika. Kila kijiji kina kitabu chake cha mihtasari, na miji midogo kama Ilula, Mbalizi na Tukuyu imekuwa na vyake. Katika Mbeya na Iringa yote, ile ya zamani iliyokuwa pamoja na Njombe mpaka mwaka 2012 na Songwe mpaka mwaka 2016, hakuna mwandishi wa Kiswahili mwenye wasomaji wachache na nguvu nyingi kama mwandishi wa kitabu hiki. Kiwanja, maji, ushuru na shule hupita chini ya kalamu yake.

Muhtasari ni utanzu wenye kanuni thabiti kama za vina na mizani. Kikao hufunguliwa, akidi huthibitishwa, muhtasari uliopita husomwa na kupitishwa. Hufuata yatokanayo, kisha taarifa ya mapato na matumizi, kisha maagizo yaliyotoka wilayani, na mwisho mengineyo. Maneno haya mawili, yatokanayo na mengineyo, yanastahili kutazamwa na mtu wa sarufi. Yote mawili yamesimama bila nomino. Mambo yenyewe yamedondoka njiani. Mtu asiyejua desturi atadhani kwamba mengineyo ni mabaki. Kumbe humo ndimo wananchi huingia, kwa kuwa ajenda zilizotangulia zimeletwa na ofisi, na lile lililomtoa mkulima shambani halikuandikwa popote kabla hajafika. Litasemwa jua likiwa limeinama, watu wakitaka kuondoka.

Vitenzi vya utanzu huu navyo vina tabia yao. Ilielezwa, ilishauriwa, iliagizwa, ilikubaliwa: kauli ya kutendwa imetawala ukurasa mzima, na mtenda hayumo. Haifai kuilaumu sarufi. Kiswahili kina neno na la kumtaja mtenda, nalo ni fupi kuliko maneno yote; hakuna kanuni inayomkataza mwandishi kusema jambo liliagizwa na nani. Asiposema, amechagua. Kitenzi kingine ni kuchangia. Asili yake ni kutoa fungu pamoja na wenzako, kwa arusi, kwa msiba, kwa ujenzi wa darasa. Siku hizi kila asemaye mkutanoni huandikwa kuwa amechangia. Lakini yuko mtu asiyekuja kutoa fungu, amekuja kudai. Mdai akiandikwa mchangiaji, deni lake limegeuzwa kuwa sadaka.

Mfano wa kubuni utadhihirisha jambo hili, nao umetungwa kwa maneno ya kawaida ya mikutano ya namna hiyo. Mkulima wa nyanya, katika mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, asimama na kusema: Mzigo wangu haukufika tani moja, na ulikuwa ukienda Morogoro, mbona nimetozwa ushuru getini? Na aliyenitoza hakunipa stakabadhi. Muhtasari waandika: Wajumbe walichangia kuhusu ukusanyaji wa ushuru, na ilishauriwa elimu iendelee kutolewa kwa wananchi.

Yatazamwe yaliyopotea. Mtu mmoja amekuwa wajumbe. Geti limetoweka, pamoja na yule aliyesimama getini. Stakabadhi haimo. Uzito wa mzigo haumo, nao ndio uliobeba shauri zima, maana tangu mabadiliko ya mwaka 2017, yaliyoshusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Mkulima ameijua sheria na ameitaja. Mwandishi amemjibu kwa kumwandikia elimu. Hilo ndilo kosa zito kuliko yote, zito kuliko kumfuta jina, kwa kuwa limemfanya ajuaye aonekane mjinga, na mjinga halisi, kama alikuwapo, alikuwa getini. Diwani wa kata atakayeupokea ukurasa huu hana la kuupelekea halmashauri. Atasema nini? Kwamba elimu yahitajika?

Si haki kumwona mtendaji kuwa adui. Ofisa mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, na papo hapo ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Kalamu yake hutumika chini, mshahara wake hushuka kutoka juu. Anapoandika huwaza macho mawili: ya mwenyekiti aliye mbele yake, na ya mkubwa atakayeomba nakala. Macho ya mkulima hayamo katika hesabu hiyo, kwani mkulima hataomba nakala. Tena mtendaji huandika peke yake, huku akijibu maswali, akitafuta takwimu za chanjo, na kuangalia kama mvua inakuja. Hata neno muhtasari lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, maana yake ni kilichofupishwa. Limeungama tangu jina. Kwa hiyo suala si ufupi. Shairi nalo ni fupi. Suala ni kwamba ufupi huu huyaacha majina na kuyahifadhi mapambo.

Shida huongezeka pale ambapo lugha ya mkutano si lugha ya kitabu. Katika vijiji vya Kilolo mzee huanza kwa Kiswahili, na jambo linapomchoma huhamia Kihehe. Rungwe hali ni hiyo hiyo kwa Kinyakyusa. Hapo ndipo methali hutoka, na majina ya vijito, na habari za nani alilima wapi kabla ya nani. Mwandishi, ambaye pengine ametumwa kutoka mkoa mwingine, hungoja mzee arudi katika Kiswahili. Akirudi, amekwisha kusema. Monica Wilson, aliyekaa kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake Good Company mwaka 1951, ameeleza neno ukwangala: kukaa pamoja na marika, kuzungumza kwa raha, na kuyahesabu mazungumzo hayo kuwa chemchemi ya busara. Vijiji vyenyewe vilijengwa kwa marika ili jambo hilo liwezekane. Watu wenye mila ya namna hiyo hawahitaji kufundishwa namna ya kujadiliana. Wanachokikosa ni karatasi yenye masikio.

Iringa nayo iliandikwa mapema, lakini na wengine. Mwaka 1935 kilitoka kitabu Anthropology in Action, kazi ya Gordon Brown, mtaalamu wa mila, na Bruce Hutt, ofisa wa serikali, waliofanya majaribio katika wilaya ya Iringa: ofisa auliza, mtaalamu achunguze na kujibu. Kwa njia hiyo utawala wa mtwa na wa vanzagila wake uliingizwa katika maandishi kwa Kiingereza, kwa faida ya aulizaye. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, na mtu wa leo aweza kujifunza mengi humo. Hata hivyo maswali yote yalitoka upande mmoja wa meza.

Uhuru ulibadili wakaao mezani. Watemi waliondolewa madaraka mwaka 1963, na mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa yakashika kazi, kwa muda mfupi. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi baada ya kugombana naye shambani. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Mwezi Mei 1972, katika mji wa Iringa, TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mwezi Julai ukaanza utaratibu ulioitwa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya wilaya yakavunjwa. Mambo haya matatu hayana chanzo kimoja, na mwanahistoria atayatenga. Msomaji wa lugha, hata hivyo, hana budi kuyaweka majina hayo mawili pamoja na kuyasikiliza. Siasa ni Kilimo ni sentensi isiyoacha nafasi ya swali: ni imekaa katikati kama msumari. Madaraka Mikoani ni jina lisilo na kitenzi. Halisemi nani anayapeleka madaraka wala nani anayapokea, na kwa kweli aliyeyapokea alikuwa ofisa, si diwani. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa. Wakati huo mabaraza yalikuwa yamekwisha kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi diwani alikuwa kitabu tu.

Sheria hizo ziliupa mkutano mkuu wa kijiji heshima kubwa: kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano huo kukubali. Sasa litazamwe linalotokea kijiji kinapokua kwa biashara ya nyanya, au ya mpunga, au kwa sababu tu barabara imepita, kikapewa hadhi ya mji mdogo. Serikali ya kijiji huondoka, na mkutano mkuu huondoka nayo. Baraza la mji mdogo huundwa hasa na wenyeviti wa vitongoji. Wakazi husherehekea, na wana sababu: mji ni taa, ni duka la dawa, ni bei ya kiwanja kupanda. Wachache hutambua kwamba siku hiyo wameacha kuwa wajumbe wa mkutano na kuwa watu wanaowakilishwa. Kuanzia hapo karatasi huwa ndiyo sauti yao karibu peke yake, na karatasi yenyewe ni ile iliyokwisha kuelezwa.

Mtetezi wa muhtasari atasema kwamba Waafrika huamua kwa kauli moja, na kwamba kuandika nani alipinga ni kupanda fitina. Hoja hii isidharauliwe. Mwalimu alisifu sana desturi ya wazee kuzungumza chini ya mti mpaka wakubaliane. Lakini mzigo wa sifa hiyo uko katika mpaka: kuna safari ndefu ya kutokubaliana kabla ya kufika. Muhtasari huhifadhi mwisho wa safari na kuifuta njia, hata msomaji asijue kama watu walikubaliana au walichoka.

Shaaban Robert alilijua jambo hili. Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, ni kikao cha baraza tangu mwanzo hadi mwisho. Karama ameshitakiwa, naye aomba kusema, na mwandishi amwacha aseme kwa siku sita, mjumbe baada ya mjumbe, safari baada ya safari, hata Waziri Majivuno akikereka. Kama kikao kile kingeandikwa na katibu wa siku hizi, kitabu chote kingekuwa mstari mmoja: Mshtakiwa alijitetea. Jina la Karama lingeachwa kwa heshima.

Na wako Watanzania ambao maneno yao huandikwa yote. Bungeni kila mbunge huandikwa kwa jina, kwa neno, hata kwa makofi aliyopigiwa, katika Taarifa Rasmi. Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge hilo alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mtwa wa Wahehe tangu mwaka 1940, aliyeshika kiti mwaka 1962 na kukikalia, ukiacha miaka michache ya katikati, mpaka mwaka 1994. Mtu aliyekulia katika baraza la Kalenga alisimamia kwa karibu miongo mitatu chumba ambamo hakuna neno lililopotea. Huko Kalenga kwenyewe na katika vijiji jirani, mkulima aliyesema mwaka ule ule aliandikwa mjumbe mmoja.

Taarifa za Bunge zimejalidiwa na kuwekwa maktabani. Kitabu cha mihtasari cha kijiji, ambacho mara nyingi ni daftari gumu la dukani, hukaa juu ya kabati katika ofisi ya mtendaji, pamoja na stakabadhi za zamani na funguo zisizojulikana za mlango gani. Mtendaji akihamishwa, pengine huliacha, pengine huondoka nalo bila kukusudia. Mrithi wake hununua daftari jipya. Huandika jina la kijiji juu ya jalada, huchora mistari, huita kikao chake cha kwanza. Na afikapo katika yatokanayo, huandika: Hakuna.