Gego la Ng'ombe na Nyendo za Wafugaji wa Kale

Anayetaka kujua wafugaji wa kale walihamahama namna gani, atafute gego la tatu la ng'ombe. Taji la jino hilo hujijenga tangu ndama akiwa na miezi tisa hivi hadi karibu miaka miwili. Wakati huo kwa kawaida ameshaacha kunyonya, kwa hiyo jino linahifadhi habari za nyasi na maji, si za maziwa ya mama. Mtaalamu hukwangua unga kwa keekee ndogo, mstari baada ya mstari, kutoka ncha ya taji kushuka shingoni.

Uwiano wa kaboni nzito na nyepesi katika unga huo hutenganisha nyasi za mbugani na majani ya vichaka. Kwa njia hiyo, mwaka 2015 mtafiti Kendra Chritz na wenzake walionyesha kwamba wanyama wa Gogo Falls, Migori, Kenya, walikula nyasi kwa wingi karibu miaka 2,000 iliyopita. Dhana kwamba vichaka vyenye mbung'o viliwazuia wafugaji eneo lile ikapwaya.

Lakini huku Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kitakachosumbua ni oksijeni. Kwingine uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi jinoni hupanda na kushuka kwa misimu, na mchoro wake huonyesha kama mnyama alihama kiangazi. Hapa mvua ni za vuli na masika, na kiangazi chenyewe ni kifupi. Tena maji ya Ziwa Victoria yamepungua kwa mvuke: oksijeni nyepesi imetangulia kuondoka, nzito ikabaki. Ng'ombe aliyenywa ziwani mwaka mzima ataacha mstari uliolala, na msomaji mwenye haraka atasema hakuhama.

Ndiyo maana strontiamu ni ya lazima. Hutoka kwenye mwamba, hupita udongoni na kwenye nyasi, ikaingia jinoni, na uwiano wake hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba. Lakini jino la kale halisomeki kabla ya kupima mimea ya leo kutoka mawe ya mchanga ya Bukoba, miamba ya Karagwe na kwingineko, ili ramani ya kulinganishia ipatikane. Kazi hiyo haina mvuto, nami naiona ndiyo roho ya utafiti wote.

Hata ramani ikikamilika, jino linasimulia safari ya ng'ombe tu. Katika Buhaya, nchi ya Wahaya, ng'ombe aliweza kuhama bila mwenyewe: alitolewa zawadi na Omukama (mfalme), au alikabidhiwa mchungaji wa rweya (uwanda wa nyasi) huku samadi ikitakiwa kibanjani (shamba la migomba).

Isitoshe, mifupa haidumu vizuri katika udongo wenye asidi na mvua nyingi namna hii. Kwa hiyo mimi ningeanza na vigae vya Urewe, yaani vyungu vya mwanzo wa Enzi ya Chuma, kutoka Katuruka na Kemondo, alikochimba mwanaakiolojia Peter Schmidt. Chungu hunyonya mafuta, na kaboni ya mafuta ya maziwa hutofautiana na ya nyama. Luxmanda, Manyara, makazi ya wafugaji ya takriban miaka 3,000, yalikuwa sehemu ya utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambamo mbinu hii ilisaidia kutambua maziwa, nyama na mimea. Vigae vikionyesha maziwa, hapo ndipo gharama ya kusaka magego itakuwa na sababu.