Wauguzi wa Bombo na Hesabu ya Maji
Sifa za upasuaji katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, yenye asili yake katika enzi za Wajerumani, humwendea zaidi daktari mpasuaji, ilhali usiku unaofuata, wenye hatari zake, huwa mikononi mwa muuguzi, na pongezi zinazomstahili huchelewa. Yeye ndiye anayejaza karatasi ya ulinganifu wa maji, yaani jedwali la kilichoingia mwilini kwa dripu na kwa kinywa, na kilichotoka kwa mkojo, matapishi na mirija ya kidonda. Mtu mzima wa kilo 60 hutarajiwa kutoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Ukipungua, muuguzi hukagua kwanza kama mpira wa mkojo umepinda au umeziba, kisha hupima mapigo na shinikizo la damu, ndipo amwite daktari. Dripu ya lita moja kwa saa 8, ikipita katika mrija wa matone 20 kwa mililita, hudondoka matone 42 hivi kwa dakika, nayo ikikimbizwa mno, mapafu huweza kujaa maji. Jasho la kaskazi, kwa bahati mbaya, halina chupa ya kulipimia, na hapo macho ya muuguzi mzoefu, anayetazama ulimi na kufinya ngozi, huziba pengo la karatasi.