Duara, Karasha na Maadili: Vigezo vya Kupendekeza Riwaya za Watoto kwa Tuzo

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023 katika riwaya na ushairi. Hadithi za watoto ziliongezwa baadaye. Nyongeza hiyo ilichelewa. Kabla yake, Tuzo ya Burt, iliyoratibiwa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ilizawadia riwaya za vijana zilizoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mtoto wa Kahama au Geita haizungumzi nyumbani wala machimboni. Lugha ya tuzo imepatikana. Vigezo vya kupendekeza bado vina utata.

Utata wa kwanza ni usanifu wa lugha. Kwa mtoto aliyekulia Kakola au Nyarugusu, duara ni shimo la kushukia kwenye mwamba kabla ya kuwa umbo la hisabati. Matimba ni magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, karasha husaga mawe, na marudio ni mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa. Karasha ni neno la mkopo, ni kweli. Lakini duara na marudio ni Kiswahili kilichopanuliwa maana na wachimbaji wenyewe, wengi wao wasemaji wa Kisukuma, bila kusubiri kamati ya istilahi. Mhakiki anayeyapigia mstari mwekundu anafuta istilahi ya kazi akidhani anasahihisha lugha ya mtaani.

Utata wa pili, ulio mzito zaidi, ni maadili. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwa watoto wenye umri mdogo hata wa miaka minane walifanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, baadhi yao wakishika zebaki kwa mikono. Mbele ya hali hiyo mwandishi hushawishika kumgeuza mtoto kuwa onyo: anatoroka shule, anaingia duarani, linaporomoka, anaokolewa, anarudi darasani. Kisa hicho si cha uongo, ila mtoto hayumo. Mtoto anayebeba kiroba cha mawe huwa amekwisha kupiga hesabu ya daftari, sare na unga wa jioni, na riwaya isiyomwachia hesabu hiyo inamhukumu kabla ya kumsikiliza.

Katika *Marimba ya Majaliwa* (2008), Edwin Semzaba alimwamini mhusika wake mdogo. Majaliwa anaizunguka Tanzania akiitafuta marimba yake, na msomaji anaijua nchi kwa sababu mtoto ana jambo analolitaka. Mswada kutoka ukanda wa dhahabu upimwe kwanza hapo: mtoto anataka nini, na nani anaamua? Maneno ya machimboni yasipunguziwe alama. Mchapishaji aombwe faharasa ya kurasa mbili mwishoni mwa kitabu, kwa ajili ya msomaji wa Dar es Salaam.