Saa ya Mazoezi Mkononi: Je, Inatufaa Sisi wa Kagarama?

Kwa kawaida ukurasa huu wa jarida la idara hutengwa kwa ajili ya uhakiki wa vitabu: tamthilia mpya, diwani, au kitabu cha kiada kilichoteleza katika ngeli. Katika toleo hili tunahakiki kitu ambacho hakisomwi bali huvaliwa. Sababu ni kwamba kikundi cha mazoezi cha walimu na majirani wa hapa Kagarama, ambacho wanaidara kadhaa ni wanachama wake, kimeletewa pendekezo kuwa fedha za ikimina za mwaka huu zitumike kumnunulia kila mwanachama saa ya mazoezi, ile inayohesabu hatua, mapigo ya moyo na saa za usingizi. Fedha hizo ni jasho la watu. Tena katika kikundi hicho wamo wawili wenye kisukari, na wenye presha ni wengi zaidi ya hao. Kwa hiyo swali hili si la anasa. Mimi mwenyewe nimeivaa saa ya aina hiyo kwa miezi minne, niliyoazimwa na jamaa yangu. Jina la kampuni sitalitaja, kwani hoja zangu zinahusu aina nzima ya vifaa hivi.

Tuanze na kile ambacho saa inajigamba nacho kuliko vyote, yaani hatua. Ndani yake mna kihisi kidogo cha mwendo ambacho hakijui lolote kuhusu miguu; kinachokijua ni mtikiso wa mkono, na kutokana na mtikiso huo kinakisia kwamba mwenye mkono anatembea. Ndiyo maana saa hiyo ilinihesabia hatua nyingi tu nikiwa nimekaa juu ya pikipiki katika barabara ya mawe, na siku niliyofua mashuka ilinipongeza kama mwanariadha. Kinyume chake, mama anayepanda kilima huku mkono mmoja umeshika beseni kichwani, au anayesukuma kigari cha mtoto, hatua zake nyingi zinapotea. Mtu huyo amefanya kazi kubwa kuniliko, lakini kwa hukumu ya saa ni mvivu.

Na zile hatua 10,000 ambazo kila mtu sasa anazitaja kana kwamba zimeteremka kutoka mbinguni? Asili yake ni biashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya saa ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Jina lilikuwa tamu, likaenea, na baadaye likageuka kuwa sheria. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani waliwafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000, wenye wastani wa umri wa miaka 72, wakaona kwamba waliofikisha hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wale wa hatua 2,700, na faida iliendelea kukua hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halihesabu hatua kabisa. Linahesabu dakika: 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, au 75 hadi 150 za mazoezi makali.

Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na haina tambarare ya kujivunia. Mashindano ya Dunia ya Baiskeli yalipofanyika hapa mwezi Septemba 2025, mlima wetu wa Nyanza, hapo hapo Kicukiro, uliwekwa katika njia ya mbio za kushindana na saa, na mabingwa wa dunia walionekana wakitweta mahali ambapo sisi hupita kila siku na mifuko ya viazi. Hatua elfu moja za kupanda kutoka Kicukiro Centre si hatua elfu moja za kwenye ufuko wa Dar es Salaam, ambako baadhi yetu tulikwenda kusoma uzamili. Saa ya bei nafuu inayohesabu hatua tu haioni tofauti hiyo. Ile yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa huweza kuona kwamba umepanda, lakini bei yake nayo imepanda. Waendesha baiskeli wenyewe hawategemei mkono kupima kazi yao. Huweka kipimo kwenye mikono ya pedali kinachosoma nguvu ya mguu kwa wati, maana wanajua kwamba kifundo cha mkono kiko mbali na jambo lenyewe.

Ukitaka kujua kilima kimekufanya nini, basi, tazama moyo. Saa hupima mapigo kwa kumulika taa ya kijani chini yake. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kila pigo linapopita kiasi cha mwanga unaorudi hubadilika kidogo. Sasa, rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga huo huo, na hilo linatuhusu moja kwa moja. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017, uliopima vifaa saba kwa watu 60, uliona kwamba vifaa sita kati ya hivyo vilipima mapigo kwa kosa lisilofika asilimia 5, lakini makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020 haukuona tofauti ya maana baina ya rangi za ngozi. Ulichokiona ni kwamba kosa huongezeka mtu anapoacha kupumzika na kuanza kujongea. Wanasayansi hawajakubaliana, nami si mwanasayansi. Lakini jambo ambalo hawalikani ni kwamba kifaa hufanya vizuri zaidi mtu akiwa ametulia. Kwa anayenyanyua vyuma hali huwa mbaya zaidi, kwani kukaza ngumi na kukunja mkono huvuruga damu pale pale saa inaposoma. Mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe, ni bora kwa kazi hiyo.

Hata mapigo yakisomwa sawasawa, kuna tafsiri. Saa nyingi hugawa mazoezi katika kanda za mapigo kwa kutumia kanuni kongwe: 220 toa umri wako. Mwenye miaka 65 ataambiwa kikomo chake ni 155. Kanuni nyingine, iliyotolewa mwaka 2001, ni 208 toa sehemu saba za kumi za umri, na mzee yule yule atapata 162 na nusu. Kwa sisi wa miaka arobaini na kitu kanuni hizi karibu zinakutana, lakini zote mbili ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa mbali nazo kwa mapigo kumi au zaidi. Anayetumia dawa za presha za aina inayopunguza kasi ya moyo ndiye wa kuangaliwa kuliko wote. Saa itamwambia hajajitahidi, naye atazidisha ilhali moyo wake umefungwa breki na daktari.

Kipimo cha zamani hakijapitwa: sema. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, mazoezi ni ya wastani. Ukitoa maneno mawili matatu ukahema, ni makali. Msweden Gunnar Borg alijenga sifa yake ya kitaaluma juu ya jambo hili la kumwuliza mtu anajisikiaje, akalipa mizani ya kuanzia 6 hadi 20. Walimu wa lugha tungepaswa kukipenda kipimo hiki.

Kuhusu kalori nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa saa haina utetezi. Katika uchunguzi ule ule wa Stanford, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya kwa asilimia 93. Kwa hiyo mwanachama anayetazama mkono wake ndipo aamue kama amejipatia haki ya chapati ya pili, ale tu.

Swali zito zaidi ni hili: je, saa humfanya mtu afanye mazoezi zaidi? Watetezi wa pendekezo wana hoja hapa, na lazima wapewe haki yao. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba wanaovaa vifaa hivi huongeza hatua 1,800 hivi kwa siku, sawa na dakika 40 za kutembea. Si haba. Uzito, hata hivyo, hupungua kama kilo moja tu. Na kuna jaribio la mwaka 2016 nchini Marekani, la miezi 24, lililohusisha vijana 471 waliotaka kupunguza uzito: waliopewa kifaa walipunguza kilo 3.5, na wasiopewa walipunguza 5.9. Ni jaribio moja, na kifaa chenyewe kilivaliwa juu mkononi, si kwenye kifundo. Lakini linatosha kumzuia mtu asiape kwamba saa itatuokoa.

Kuna hoja nyingine iliyotolewa na wapinzani, nayo siikubali. Wanasema Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 bila kuvaa kitu chochote cha namna hii, basi nasi hatukihitaji. Hoja hii haisimami. Bayi alikuwa na mwili wa kukimbia na nidhamu ya miaka. Eliud Kipchoge naye, aliyekimbia marathoni ya Vienna chini ya saa mbili mwaka 2019, ana mwalimu, Patrick Sang, anayemjua kwa miaka mingi kuliko saa yoyote. Mwalimu wa chuo anayekaa kitako akisahihisha insha hana hata kimoja cha hivyo. Pengine yeye ndiye anayehitaji kengele ya kumwinua.

Jambo ninalolipinga bila kumung'unya maneno ni lile la sukari. Miongoni mwa saa zilizopendekezwa ipo moja ya bei ya chini inayodai kupima sukari ya damu na presha kwa kuvaliwa tu. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ipimayo sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na kwamba kipimo kisicho sahihi kinaweza kumfanya mgonjwa atumie dawa kupita kiasi, jambo liwezalo kuua ndani ya saa chache. Wale wenzetu wawili tunawajua kwa majina na kwa watoto wao. Ikiwa ikimina itawanunulia saa hiyo, tutakuwa tumewapa takwimu za kubuni wazitumie kupimia insulini.

Kwa maoni yangu, basi, anayetembea Siku ya Bila Magari, ile iliyoanza mwaka 2016 ikiwa mara moja kwa mwezi na baadaye ikawa mara mbili, hana haja ya kununua. Simu yake mfukoni inahesabu hatua vya kutosha, na pale pale hupimwa presha bure. Mkimbiaji anayejiandaa kwa nusu marathoni atafaidika na saa yenye GPS, naye ainunue kwa fedha yake. Kikundi kinunue mashine mbili nzuri za presha za kufunga juu ya kiwiko, na mikanda michache ya kifuani ya kuazimana. Aidha, anayenunua asome kwanza taarifa za mwili wake zinapelekwa wapi. Sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2021 inampa haki ya kuuliza.

Limebaki suala la lugha. Saa niliyoivaa haikuwa na Kiswahili wala Kinyarwanda, ikawa inanihimiza kwa Kiingereza cha mwalimu wa mazoezi ya viungo. Darasani nilipowauliza wanafunzi tuiiteje, walileta saa janja, saa erevu na bangili ya siha. Mimi napendelea saa ya mazoezi, kwa kuwa haiisifii kuwa na akili. Wa mwaka wa pili, ambao Kinyarwanda chao huwapa neno siporo kwa kila kitu kuanzia kandanda hadi kunyoosha mgongo, waliniomba tukubali saa ya siporo. Nimewaahidi kulipeleka kwenye semina ya istilahi ya muhula ujao, na anayepinga aje na jina lake.