Makubaliano Ndani ya Hesabu ya Huygens

Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alitoa kwa Kilatini andiko fupi la hesabu za michezo ya bahati: hoja 14, na mwishoni maswali 5 aliyomwachia msomaji. Andiko hilo husifiwa kwa majibu yake. Mimi linanivuta kwa namna lilivyojengwa, hasa uthibitisho wa hoja ya kwanza.

Mtu amefumbata shilingi 3 mkono mmoja na 7 mkono wa pili, nami nachagua bila kuona. Nafasi hiyo ina thamani gani? Kitabu cha shule kingeniambia nizidishe kila kiasi kwa uwezekano wake, nijumlishe, nipate 5. Huygens haanzi na kanuni. Anaandika kwa nafsi ya kwanza na kubuni mchezo: mimi na mpinzani tunaweka dau sawa, x kila mmoja, mshindi atachukua dau lote, ila atampa mshinde shilingi 3. Nikishindwa, ninazo 3. Nikishinda, ninabaki na 2x kutoa 3, na kiasi hicho sharti kiwe 7. Kwa hiyo x ni 5. Thamani tarajiwa imetokana na watu wawili waliokubaliana bila yeyote kumpunja mwenzake, na uzuri wa uthibitisho uko hapo: usawa unatangulia, hesabu inaufuata.

Katika hoja ya tatu uzito unaingia. Nafasi 3 za kupata 13 na 2 za kupata 8 zina thamani ya 11, yaani 39 na 16, jumla 55, gawanya kwa 5. Hakuna atakayewahi kulipwa 11 katika mchezo huo, na Huygens hatetereki.

Lakini umbo hilohilo linaficha jambo. Weka 0 na 10 mahali pa 3 na 7. Dau linabaki 5, na kila sentensi ya uthibitisho inasimama vilevile. Kwa mwenye shilingi 5 tu mfukoni, michezo hii haifanani hata kidogo, na andiko halina pa kulisemea hilo. Kinachokosekana ni mtawanyiko. Tofauti zenyewe hazitusaidii: 2 chini ya wastani na 2 juu yake hufutana, na ndivyo itakavyokuwa daima. Tukizipandisha kwenye kipeo cha pili kabla ya kutafuta wastani wake, mchezo wa kwanza unatoa 4 na wa pili 25.

Tazama jinsi hesabu hii inavyofuata mtindo wa hoja ya tatu. Pale 13 ni 2 juu ya 11 na 8 ni 3 chini yake, na vipeo vya pili ni 4 na 9: 4 mara 3, 9 mara 2, jumla 30, gawanya kwa 5, jibu 6. Mtawanyiko nao ni thamani tarajiwa, ila ya umbali. Chombo Huygens alikuwa nacho; swali lake lilikuwa la haki, si la hatari.

Mwaka 1918 Ronald Fisher, aliyekipa kipimo hiki jina la variansi, alishikilia kipeo cha pili kwa sababu nzito: visababishi visivyotegemeana hujumlisha variansi zao. Chagua mikono ya 3 na 7 mara mbili. Jumla itakuwa 6, 10, 10 au 14, wastani 10, variansi 8, ambayo ni 4 na 4. Vipeuo vya pili vya variansi havijumlishiki hivyo: 2 na 2 hapa hutoa takribani 2.83.