Muziki Umemeza Feri

Video za huku kwetu Pwani, kuanzia Likoni hadi Kisauni, zinafanana mno, na kosa si la kamera. Zinafananishwa baadaye, kwenye kompyuta ya mhariri. Droni inapaa juu ya kivuko, rangi inakolezwa mpaka bahari inakuwa kama sharubati, kisha unatiwa muziki wa kupakua na sauti yote ya pale inazimwa. MV Kwale inavuka kimya kama picha ya kalenda. Honi hamna. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, husikii kitu.

Rangi naweza kuvumilia. Kinachoniudhi zaidi ni yale maandishi ya chini: mzee anasema "yuwaja", yanaandikwa "anakuja". Nani aliomba asahihishwe? Kimvita si kelele ya kusafishwa, jamani.

Najua, mteja anataka harusi ya Jumamosi iwe Instagram Jumapili, na kijana mmoja mwenye laptopu moja ndiye mhariri, fundi wa sauti na mtu wa rangi. *Softie* ya Sam Soko, filamu kuhusu Boniface Mwangi, ilihaririwa na watu watatu, Soko mwenyewe akiwemo, na mwaka 2020 ikapewa tuzo maalumu ya uhariri kule Sundance. Hatuna watu watatu, sawa. Lakini kuacha sauti ya feri isikike hakuongezi gharama; ni kutobonyeza kitufe tu. Nipeni sekunde 20 za injini na honi kabla ya muziki, na "yuwaja" iandikwe ilivyotamkwa.